Prasadi ya Mgonjwa

Unga wa ngano ukikaangwa kwa samli kwenye moto mdogo, hufika mahali ukabadilika rangi na kuwa mwekundu kama vumbi la njia ya Muze, na hapo harufu yake hutoka jikoni ikatembea nyumba nzima. Watoto wangu wakiisikia hukimbilia sufuria. Mimi, na mvi zangu hizi, nikiisikia hutazama mlango kwanza. Juzi binti yangu alinikamata, akacheka: "Mama, unamngoja nani?" Nilimjibu ovyo ovyo, nikaendelea kukoroga. Ila swali lake halikutaka kuondoka, na nimeona heri niandike jibu lake kwenu ninyi wa rika langu, ambao hamhitaji kuelezwa foleni ya sabuni ilikuwaje.

Sisi ni Singasinga wa Sumbawanga. Zamani zilikuwepo familia kadhaa, lakini nilipopata akili tulikuwa tumebaki peke yetu: Baba, Mama na mimi. Baba alikuwa fundi wa injini. Maduka yalipoanza kujaa tena, mitumba ikimwagwa sokoni kwa marobota na kila mwenye lori akiruhusiwa kununua mahindi atakako, Baba naye alipata ujasiri. Alipunguza karakana yake, akafunga mashine ya kusaga, kubwa, mpya, ya rangi ya buluu, na akamweka Fundi Deusi kuwa msimamizi wake. Fundi Deusi alikuwa Mfipa wa mjini hapo hapo, Mkatoliki wa kutupwa, na binti yake Leokadia alikuwa rafiki yangu wa pekee wa kweli. Wengine waliniita Singa. Leokadia aliniita Jasi, jina langu.

Hekalu letu la karibu lilikuwa safari ya siku mbili kwa lori, kwa hiyo sala zetu zilifanyika nyumbani, mbele ya kitabu kilichofungwa kwa kitambaa. Kila mwezi ulipoanza, Baba alioga alfajiri, akafunga kilemba safi, akapika halua ya sala, unga, samli na sukari kwa kipimo kimoja. Hiyo ndiyo prasadi. Akimaliza kusoma, alimega tonge na kukuwekea mikononi. Nilifundishwa kuipokea kabla sijafundishwa kusoma: viganja viwili, cha kulia juu ya cha kushoto, kichwa kimefunikwa, na hata chembe isianguke. Na asiyeweza kuja kwenye sala hupelekewa fungu lake. Mwaka ule mgonjwa alikuwa Mama mwenyewe, na kazi ya kumpelekea kitandani ilikuwa yangu. Alinionya mara ya kwanza tu, kwa kidole: fungu la mgonjwa nisilionje njiani, hata nikilamba vidole ni kosa.

Mama alikuwa mjamzito wa miezi mitano. Wawili walionitangulia na mmoja aliyenifuata hawakukaa tumboni. Safari hii nesi aliamuru kitanda kiinuliwe upande wa miguu kwa matofali, na Mama alale tu, asinyanyuke hata kuoga. Nilimtaka mtoto yule kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Nilikuwa na miaka tisa, nimechoka kucheza bao na Fundi Deusi. Kila nilipotoka shule niliingia chumbani kwanza kuhakikisha tumbo bado lipo.

Baba alikuwa na desturi nyingine iliyowachekesha watu. Hakukosa ibada ya mtu yeyote. Idd alikaa na mwenye duka la jirani, mkeka mmoja. Walokole wakifunga turubai, alikwenda kusikiliza. Misa za sikukuu alihudhuria zote, na mimi nyuma yake. "Wanamtaja Mungu," alisema, "sisi tunakaa kimya, tunasikiliza. Basi." Mlangoni mwa kanisa alivua viatu, kama hekaluni kwetu, na viatu vyenyewe vilikuwa vikubwa kama mitumbwi ya kule Wampembe ziwani, watoto wa katekisimu wakavipima kwa miguu yao. Kilemba hakukivua. Mara ya kwanza mzee mmoja wa kanisa alimgusa bega amkumbushe kuvua kofia. Fundi Deusi akamnong'oneza yule mzee, mambo yakaisha.

Lakini ilikuja siku mkanda wa mashine ukamkata kijana mmoja vidole viwili. Baba alimpeleka hospitali, akamwangalia mpaka akapona. Midomo haikupona. Nilianza kusikia bombani, wanawake wakinyamaza nikifika na ndoo yangu, kisha wakaanza kusema bila kunyamaza. Mashine kubwa vile, walisema, haizunguki kwa dizeli peke yake. Imeonja, sasa itataka. Leokadia ndiye aliyenipa ukweli wote, kwa kuwa hakujua kuficha: "Wanasema mashine yenu inadai mtu. Baba yako anatafuta cha kuipa."

"Cha kuipa kama nini?"

"Sijui. Kitu kikubwa. Damu, au kitu kitakatifu."

Wakati ule mahindi yalikuwa yamekauka shambani na upepo wa baridi unavuma mchana kutwa, ule wa Ufipa unaopasua midomo. Ndio msimu wa kusaga. Wanawake walipita getini kwetu na madebe kichwani, wakaendelea mbele, ng'ambo ya mji, kwenye mashine kuukuu iliyosaga unga wenye mchanga. Hata wafugaji wa Kisukuma waliozoea kutuletea magunia kwa mkokoteni walituruka. Baba alicheka wiki ya kwanza. Wiki ya tatu hakucheka tena. Fundi Deusi alishinda ameketi juu ya debe lililopinduliwa, nguo zake safi tangu asubuhi mpaka jioni, na nguo safi kwa msaga unga ni jambo la kutisha kulitazama.

Katikati ya hayo ikafika Komunyo ya Kwanza ya Leokadia. Fundi Deusi alikuja mwenyewe kutualika, kofia mkononi. "Bosi, najua maneno ya watu. Lakini nyumba yangu haiwezi kufurahi ninyi mkikosa." Mama akasema kutoka chumbani kwamba lazima twende, na twende na dada wa kazi pia, yeye hatazikwa kwa kulala peke yake saa tatu. Alisema hivyo kwa utani. Nakumbuka sikuupenda utani ule.

Kanisani wanaume hukaa upande wao na wanawake upande wao. Baba, amevaa kilemba cheupe, alikaa nyuma kabisa kwa wanaume. Mimi nilikaa mbele, kati ya Leokadia aliyevaa gauni jeupe na mama yake, kichwani nimefunga kitambaa, mfukoni nina leso ya Baba. Kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Padre alikuwa mgeni, amekuja kusaidia kwa kuwa paroko alikuwa na mafua. Niliifuata ibada yote kwa akili yangu ya kitoto, na naapa niliielewa. Waliimba, nasi huimba. Walisoma, nasi husoma. Kengele ililia, padre akainua kitu cheupe kwa mikono miwili, watu wote wakainama. Nikajua tumefika kwenye prasadi.

Niliwahurumia kidogo Wakatoliki. Prasadi yao ilikuwa nyembamba, kavu, haina hata samli. Lakini watu waliiendea kwa heshima kubwa, na heshima niliijua. Leokadia alisimama na mama yake, nami nikasimama nyuma yao. Sikuwaza kwamba kuna anayepaswa kubaki kitini, maana kwetu prasadi hanyimwi mtu, hata mpita njia. Baba alikuwa nyuma ya vichwa mia tatu. Hakuniona.

Walionitangulia walifumba macho na kutoa ulimi. Nilishtuka, kwa sababu kwetu ukimtolea mtu ulimi kwenye sala ungelambwa kofi. Zamu yangu ilipofika nikanyoosha viganja, cha kulia juu ya cha kushoto. Padre alisita. Alitazama rangi yangu na kitambaa changu kichwani, na leo nadhani aliniona Mgoa, maana Wagoa ni Wakatoliki, na labda alikotoka yeye walipokea mikononi. "Mwili wa Kristo," akasema. "Amina," nikajibu, kama wote. Akaniwekea kiganjani. Kilikuwa chepesi kiasi kwamba niliogopa upepo wa mlangoni.

Sikula. Mwenye haja nacho alikuwa amelala na miguu juu. Nilirudi kwenye benchi, nikatandaza leso mapajani, nikakiweka katikati, nikakunja pembe moja baada ya nyingine. Nilipoinua macho nilimwona Bibi Skola ananitazama kutoka benchi la pembeni. Huyu alikuwa bibi kizee aliyefua vitambaa vya altare kwa mikono yake miaka yote, mtu mpole, akinipa karanga tukikutana njiani. Alikuwa ameweka kiganja mdomoni na hakukiondoa. Nilidhani ananiambia nile. Nikatabasamu, nikatikisa kichwa, nikamnyooshea kidole upande wa nje, upande wa kwetu, kumwonyesha kwamba hiki ni cha mtu mwingine. Na upande wa kwetu, ukisimama kanisani, kilichoonekana kupitia dirishani lilikuwa bomba la moshi la mashine.

Nimekiwaza kidole kile miaka yote hii. Ningekuwa na uwezo ningerudi nikikate.

Sherehe ilikuwa nyumbani kwa Fundi Deusi, mtaa wa pili kutoka kwetu. Palikuwa na wali, nyama ya mbuzi, migebuka ya kukaanga, na pombe ya kimpumu kwa wakubwa. Nilitaka kukimbia nyumbani mara moja lakini Baba alinishika mkono tuwaamkie wazee, shikamoo hii na shikamoo ile, leso ikiwa ndani ya gauni langu, juu ya moyo. Niliona kwamba wazee waliitikia marahaba bila kunitazama. Kiti cha katekista, pale penye meza ya heshima, kilikuwa kitupu na sahani yake imefunikwa. Vijana waliokuwa wamesimama ukutani hawakuwepo tena. Mama Leokadia alihesabu wageni kwa macho, akakunja uso. "Watu wameenda wapi? Chakula kitapoa hiki." Mimi nikatumia nafasi hiyo, nikachomoka.

Mama alikuwa macho. Chumba kilinuka mafuta ya mawese na dawa ya kupaka. Nilifunga mlango, nikapiga magoti kama anavyotaka, nikafungua leso. "Nimekuletea, Mama. Sijaonja hata kidogo. Kula, mtoto akae."

Mama alisoma shule ya masista, bweni, tangu mdogo mpaka alipoolewa. Mimi nilijua hilo, kwa kuwa alipenda kusimulia uji wao mbaya. Sikujua lilikuwa na maana gani. Aliinua shingo, akatazama ndani ya leso, na uso wake ukakauka.

"Umekitoa wapi?"

"Kanisani. Padre amenipa. Ni prasadi yao."

"Usiikunje leso. Usipumulie hapo. Jasi, nani amekuona?"

"Bibi Skola."

"Akasema nini?"

"Hakusema. Alishika mdomo."

Mama akafumba macho. Nilianza kulia bila kujua nalilia nini. Aliniambia, kwa sauti ya chini, kwamba shuleni kwao moja iliwahi kuanguka, na masista wakafunga milango, wakawasha mishumaa, wakatafuta chembe sakafuni kwa magoti mpaka wakaipata. Alisema kwao huyu ni Mungu mwenyewe, si halua ya kugawana. Kisha akaanza kusema kwamba tumngoje Baba, naye atajua la kufanya, na hapo tukasikia sauti.

Dirisha la chumba chake lilitazama uwanja wa mashine. Watu arobaini hivi walikuwa wameingia getini. Katekista alikuwa mbele, Bibi Skola kando yake akilia, na nyuma yao wale vijana wa ukutani, mmoja ana mpini wa jembe. Hawakuja nyumbani. Walikwenda moja kwa moja kwenye mashine, wakaanza kuvunja kufuli. Niliwasikia wakisema wakiangalie kile kinywa cha juu, pale mahindi yanapomiminwa, kwamba ndipo kitakuwa kimewekwa.

Baba alifika anakimbia, pekupeku, Fundi Deusi nyuma yake. Alisimama katikati ya mlango wa mashine, mikono ameitandaza. "Mnatafuta nini? Niambieni, nitawapa."

"Umemtuma mtoto aibe Mwili wa Bwana!"

"Mimi? Mtoto wangu hakuiba kitu. Haiwezekani. Ingieni mtafute, hamtakuta kitu."

Alikuwa mkweli mtupu, na kila neno lake la kweli lilikuwa linamzamisha, kwa sababu kitu kilikuwepo. Kilikuwepo nyumbani mwake, kwenye leso yake, na tarizi ya herufi za jina lake pembeni. Mama aliliona hilo kabla yangu. Mtu mmoja akapindua pipa la dizeli, ikatiririka mpaka miguuni pa Baba, na harufu ikatufikia ndani.

Mama akashusha miguu.

"Mama, nesi alisema..."

"Nimemsikia nesi. Nipe maji."

Alinawa mikono. Alijifunika kichwa kwa mtandio wake mweupe. Viatu hakuvaa. Akaniambia nimwekee leso juu ya viganja vyake viwili. "Utanitangulia. Usikimbie. Wakikuuliza, sema ulivyofanya, usiongeze wala usipunguze."

Nilifungua mlango wa nyuma, tukatoka.

Ilichukua muda watu kutuona, kisha kelele zikakatika. Mama alizungumza kama anayeongea na mgeni sebuleni. "Kipo hapa. Hakijaliwa, hakijavunjika. Mtoto alidhani ni fungu la mgonjwa, sisi kwetu mgonjwa hupelekewa. Mgonjwa ni mimi. Mume wangu hajui lolote. Pokeeni."

Bibi Skola ndiye aliyepiga magoti kwanza, pale pale kwenye tope la dizeli, na kanga yake nzuri ya kanisani. Wakamfuata wengine, mmoja mmoja, mpaka yule mwenye mpini. Hawakumpigia Mama magoti, hata mimi mtoto nilielewa. Lakini alikuwa amesimama yeye, na tumbo lake. Mama akamnyooshea katekista mikono, naye akarudi nyuma. "Siruhusiwi kukigusa," akasema. "Ni padre tu."

"Basi padre aitwe," Baba akasema.

"Mgeni ameshaondoka na pikipiki, kaenda kigangoni. Paroko yuko misheni, anaumwa."

"Nitaleta gari. Dakika tano."

"Gari hapana!" Sauti ilitoka nyuma, sikuwahi kujua ya nani. "Akiingia garini wanatoroka nacho. Aende kwa miguu, tumwone."

Baba aliwaambia. Aliwaambia wote, akigeuka huku na huku, kilemba kimelegea, kwamba mke wake ana mimba, kwamba nesi amekataza hata kusimama, kwamba waliotangulia wamekufa. Nilikuwa sijawahi kumsikia akisema neno hilo. Watu walitazama chini. Wengi wao walikuwa na watoto, na nadhani angetokea mmoja tu wa kusema gari lije, wangekubali wote kwa shukrani. Hakutokea. Mama aliwangoja kidogo, kwa adabu, kisha akaanza kutembea.

Mama Leokadia alikuja mbio kutoka kwenye sherehe, akapenya, akamshika Mama kiuno. "Mama Jasi, niegemee. Niegemee, mwenzangu, hawa wendawazimu tutawasema baadaye." Nilikuwa mbele yao, Baba kando, umati nyuma. Kutoka kwetu hadi kanisani ni mwendo wa dakika ishirini kwa mtu mzima mwenye afya. Njiani watu waliotoka nje kushangaa walipoambiwa ni nini kinapita walipiga magoti vibarazani, wanaume wakavua kofia. Mwanamke mmoja akaanzisha wimbo wa Ekaristi, na umati ule ule uliomwaga dizeli ukaupokea kwa sauti mbili, vizuri mno. Kama ungekuwa mgeni wa mji ungedhani ni maandamano ya sikukuu, na kwamba yule mwanamke wa Kihindi mwenye mtandio mweupe amepewa heshima. Nyuma yangu nilisikia pumzi za Mama zikifupika. Kila nikigeuka alinionyesha kwa macho nitazame mbele.

Paroko alitoka na shuka la baridi mabegani. Alipoelezwa, hakumuuliza Mama swali hata moja. Alikipokea, akakila mwenyewe, akaosha vidole vyake na leso yetu kwenye bakuli la maji. Kisha akawageukia waumini wake na kuwakaripia mpaka sauti ya mafua ikakatika. Sikusikia alichosema. Mama alikuwa ameketi kwenye ngazi ya kanisa, na alipojaribu kusimama hakuweza, na Mama Leokadia alivua kanga yake haraka, akamfunga nayo kiunoni ili watu wasione.

Alikuwa wa kiume. Niliambiwa na Leokadia, ambaye bado hakujua kuficha.

Walikuja kutupa pole, lazima niwe mkweli. Katekista alileta kuku, akaomba radhi akiwa amesimama, akakataa kiti. Bibi Skola alikaa sakafuni kando ya kitanda cha Mama siku mbili, akimkanda miguu. Sijawahi kumchukia Bibi Skola. Aliogopa kwa ajili ya kile alichokipenda, kama mimi tu.

Jumatano asubuhi Fundi Deusi aligonga mlango wa nyuma. Baba alikuwa anakunywa chai. "Bosi, wateja wamekuja."

"Wangapi?"

"Foleni imefika barabarani. Wengine wameleta mpaka ulezi. Niwashe?"

Baba aliweka kikombe chini. "Mwezi mzima hawakuja. Leo kumetokea nini?"

Fundi Deusi alitazama vidole vya miguu yake. Alikuwa mtu asiyejua kusema uongo, na nilimwona akiutafuta na kuukosa. "Wanasema imeshakula, bosi. Wanasema sasa haina neno tena na mtu."

Nilimwona Baba akilitafuna jambo lile, huku nje wanawake wakicheka na kusogeza madebe yao, wamechangamka, wananisalimu kwa jina nikipita. Fundi Deusi alikuwa na watoto sita wa kulisha, na hospitali ilitungoja sisi. "Washa," Baba akasema.

Niliingia kwa Mama. Mashine ilikohoa, ikashika, na ukuta wa chumba ukaanza kutetemeka, glasi ya dawa ikitembea polepole juu ya meza. Mama alikuwa amelala ubavu, ananitazama. Niliisogeza glasi ukutani isianguke. Nilikuwa nimelibeba swali langu siku tatu, na hapakuwa na mtu mwingine wa kumuuliza.

"Mama, kama ningekila mwenyewe palepale, kama wenzangu, usingeinuka?"

Watu wazima wengine wangenidanganya, na sasa nikiwa na watoto wangu mwenyewe najua ni rahisi kiasi gani.

"Nisingeinuka," alisema. Kisha akasogea ukutani, akainua blanketi, akanipa nafasi nilale.